Naomba ushauri: menifoldi ya turbo niliyochomelea nyumbani imepasuka

Wakuu, shikamooni wakubwa. Niko Tanga, Mikanjuni. Nina Land Cruiser ya injini 1HZ, ile dizeli ya silinda 6, lita 4.2, isiyokuja na turbo kiwandani. Nimeifungia turbo (feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini) kwa sababu nikiwa na mzigo, kutoka Mombo kupanda Lushoto, gari lilikuwa linahema mpaka unalionea huruma.

Menifoldi, yaani mabomba yanayokusanya moshi wa injini na kuupeleka kwenye turbo, nimeiunda mwenyewe uani. Flanji (kipande bapa kinachofungwa kwenye injini) nimeikata kwenye bamba la chuma la milimita 10, mabomba ni stenlesi ya daraja la 304, nyembamba. Safari ya tatu nikasikia mluzi. Kufungua boneti, nikakuta ufa mwembamba kama unywele umezunguka nusu ya bomba la silinda ya 6, pembeni kabisa ya mshono, na masizi yametapakaa hadi kwenye hedi (kichwa cha injini). Nikalaza rula ya chuma kwenye flanji: katikati mwanga unapita, yaani imepinda.

Najua stenlesi ikipata moto hutanuka kuliko chuma cha kawaida, na turbo yangu inaning'inia kwenye menifoldi bila mkono wa kuishikilia. Hapo nakiri nilikosea.

Sasa, nirudi kwenye mabomba mazito ya chuma cheusi, au nibaki na stenlesi na kuchomelea kwa vijiti vya 309, vile vya kuunganisha stenlesi na chuma cha kawaida? Na flanji mnaifunga kwenye hedi kuukuu wakati wa kuchomelea ili isipinde? Nikiikata flanji kati ya tundu na tundu, itapata nafasi ya kutanuka bila kupinda?

Aliyewahi kufanya naomba anielekeze, na picha kama ipo. Gari hili ndilo linalolisha nyumba yangu.