Naomba ushauri: upepo wa juu tunaupimaje kabla ya kurusha roketi?

Habari zenu ndugu zangu. Niko Lubumbashi, upande wa Kasapa, nasaidia vijana 12 wanaorusha roketi za maji: chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, pampu ya baiskeli, basi.

Shida yetu ni hali ya hewa. Mvua za Novemba zimeanza, na Jumamosi iliyopita simu tatu zilitupa utabiri wa aina tatu. Tukafunga utepe wa kaseti kwenye mti. Ukaning'inia tu kama nguo iliyolowa. Tukarusha. Roketi ilipopita juu ya miembe ikapinda ghafla, ikatua kwenye mabati ya jirani. (Mama mwenye nyumba bado hajatusamehe.)

Kuhusu radi hatubishani. Apollo 12, safari ya Wamarekani ya kwenda mwezini, ilipigwa mara mbili mwaka 1969, ndani ya dakika ya kwanza baada ya kuruka, na kule Florida, Marekani, wanakorushia roketi kubwa, radi ikipiga ndani ya kilomita 18 hivi kutoka roketi ilipo, wanasubiri dakika 30. Sisi tukisikia ngurumo tu tunafunga vitu. Kinachotushinda ni upepo wa juu. Wenzetu hurusha puto zenye vipimo. Sisi tuna puto za sherehe, na gesi ya heliamu hatujaipata.

Naomba kujua: bila puto, nitausomaje upepo wa mita 40 au 50 juu? Kishada cha watoto kingefaa? Na upepo ukifika kasi gani niwaambie vijana tuahirishe, hata wakinuna?