Mbio za farasi: tuzipambe kwa mashabiki wapya au zijisafishe kwanza?

Mleta mada
Wakuu, kila nikimwalika mtu atazame mbio za farasi nami, jibu ni lile lile: "Si mchezo wa kamari na kuua wanyama huo?" Mimi naona kosa ni letu. Mgeni hajakaa vizuri, tushaanza kumhesabia madau, kana kwamba farasi ni namba ya bahati nasibu.

Ningeanza na visa vya farasi wenyewe. Secretariat kwenye mbio za Belmont kule Marekani mwaka 1973: maili moja na nusu kwa dakika 2 na sekunde 24, aliyemfuata yuko nyuma kwa urefu wa farasi 31, na rekodi hiyo bado imesimama. Au Haru Urara wa Japani. Alikimbia mara 113 asishinde hata moja, na watu wakafurika uwanja wa Kochi uliokuwa unakaribia kufungwa. Tiketi zake za dau walizitunza kama hirizi ya kuepusha ajali za barabarani! Mtu akishampenda farasi mmoja kwa jina, huyo keshanasa. Tatizo letu ni matangazo tu. Mnasemaje?

Mchangiaji wa 1
Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwaka 2023 pale Churchill Downs, uwanja wa Marekani, walikufa farasi 12 katika wiki chache tu, msimu ule ule wa Kentucky Derby, mbio zao kubwa, hadi mbio zikahamishiwa uwanja mwingine. Utalipamba tangazo gani lifunike hilo?

Tena ushauri wako una mtego. Ukimfundisha mgeni kumpenda farasi kwa jina, siku farasi huyo atakapovunjika mguu na mgeni akaona turubai linavutwa kumficha ili auawe, umempoteza kabisa. Yule aliyekuja kwa ajili ya dau angerudi wiki ijayo. Wako harudi.

Mchangiaji wa 2
Hapo kwenye turubai ndipo wageni wengi wanapouliza kwa nini asifungwe plasta kama mtu, na sisi tunabaki kubabaika. Jibu lipo. Farasi ana karibu nusu tani, na chini ya goti mguu wake hauna misuli, ni mifupa, kano na ngozi. Hawezi kulala wiki nzima akisubiri mfupa uunge. Akiuegemea mguu mwingine ulio mzima, kwato za upande huo nazo huanza kuharibika kwa ndani.

Barbaro alishinda Kentucky Derby mwaka 2006, wiki mbili baadaye akavunjika mguu wa nyuma kwenye Preakness, mbio nyingine kubwa ya Marekani. Alipasuliwa, akauguzwa miezi minane, na kilichomshinda mwishowe ni kwato. Januari 2007 ikabidi alazwe usingizi wa milele. Ila nakumbusha jambo: watu ambao hawajawahi kutazama mbio walikuwa wakifuatilia hali yake kila siku. Hakuna aliyewaficha kitu, na hawakukimbia.

Mchangiaji wa 3
Tusiseme hakuna kinachofanyika. Grand National ya 2024, mbio za kuruka viunzi kule Uingereza, walipunguza farasi kutoka 40 hadi 34 na kusogeza kiunzi cha kwanza karibu na mwanzo ili wasifike kwa kasi. Walianza 32, wote wakarudi salama. Hilo ndilo la kutangaza.

Mchangiaji wa 1
Na 2025 je? Celebre d'Allen, farasi wa miaka 13, alianguka baada ya kiunzi cha mwisho akafa siku chache baadaye. Aliyempanda alifungiwa siku 10 kwa kuendelea naye ilhali amechoka. Ukitangaza mwaka mmoja, tangaza na wa pili.

Mchangiaji wa 3
Sawa, nimekubali. Lakini kufungiwa kwenyewe si ushahidi kwamba sheria inauma?

Mchangiaji wa 1
Siku 10, mkuu. Hiyo ni likizo.

Mleta mada
Nimewasoma. Kuhusu kamari sijabadilika, tuiweke nyuma. Ila lile la turubai limenigusa, maana mimi mwenyewe huwa nageuza mazungumzo likitokea. Jumamosi nina mgeni ambaye hajawahi kutazama. Nitamwanzishia na Barbaro, Secretariat atafuata.

Mchangiaji wa 2
Utamliza mtoto wa watu hata geti hazijafunguliwa.