Watoto 84 watatoaje makundi 144? Kitabu cha hisabati cha darasa la tano kinapotosha watoto

Wakuu, nimeleta jambo hili hapa baada ya kuzungushwa shuleni bila kupewa jibu la maana. Wazazi wa darasa la tano tulitakiwa kununua kitabu cha mazoezi ya hisabati, tukaambiwa ni cha lazima. Katika sura ya vigawo kuna swali hili: darasa lina wavulana 36 na wasichana 48, na mwalimu anataka kuwagawa katika makundi yanayolingana kwa idadi ya wavulana na kwa idadi ya wasichana, bila mwanafunzi yeyote kubaki, je, anaweza kupata makundi yasiyozidi mangapi?

Mwanangu aliorodhesha vigawo vya 36, yaani 1, 2, 3, 4, 6, 9, 12, 18 na 36, kisha vya 48, yaani 1, 2, 3, 4, 6, 8, 12, 16, 24 na 48, akazungushia vile vya shirika na kupata KKS (kigawo kikubwa cha shirika) ya 12. Pembeni akahakiki kwamba kila kundi litakuwa na wavulana 3 na wasichana 4. Pamoja na usafi wote huo, alipigiwa alama ya kosa kwa wino mwekundu, na chini yake mwalimu akaandika 144.

Hiyo 144 ni KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika cha 36 na 48. Ingefaa kama tungeulizwa kengele mbili, moja inayolia kila baada ya dakika 36 na nyingine kila baada ya dakika 48, zitalia tena pamoja baada ya muda gani. Hapa wanagawanywa watoto 84, sasa hayo makundi mengine yataundwa na madawati?

Nilipouliza, nilijibiwa kwamba wakati wa kusahihisha yanafuatwa majibu ya nyuma ya kitabu. Majibu hayohayo yanadai kuwa wanafunzi 57 hawagawanyiki katika makundi sawa kwa sababu 57 ni namba tasa (isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe), ilhali jumla ya tarakimu zake, 5 jumlisha 7, ni 12, ambayo inagawanyika kwa 3, hivyo 57 nayo inagawanyika kwa 3, na makundi 3 ya wanafunzi 19 yanapatikana bila taabu.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mtoto amekwisha kufuta 12 yake na kunakili 144, kwa kuwa mwalimu ndiye aliyesema. Nataka alama zake zirudishwe na darasa zima lielezwe kosa hilo waziwazi. Nanyi mliouziwa vitabu vya namna hii, yahakikini majibu ya sura ya vigawo kabla madaftari hayajakusanywa.