Buteshire kabla ya 1832: mbona orodha ya wabunge ina mapengo?

Mchorachora ameuliza:

Wakuu, naandaa makala kuhusu jimbo la zamani la Buteshire, yaani kaunti ya visiwa vya magharibi mwa Uskoti: Bute, Arran, Cumbrae mbili na vingine vidogo. Kuanzia 1832 mpaka jimbo lilipofutwa 1918 orodha ya wabunge inakwenda vizuri tu. Kabla ya hapo sielewi. Kuna mbunge aliyechaguliwa 1708, kisha kimya hadi 1713, tena kimya kuanzia 1715 hadi 1722, na mtindo ni huohuo miaka mia moja na zaidi. Kumbukumbu zimepotea au?

La pili: nasoma kwamba kaunti yenye watu kama 14,000 ilikuwa na wapiga kura 21. Ishirini na mmoja! Walipatikanaje hao?

La tatu ni kile kisa cha mtu aliyejichagua mwenyewe peke yake ukumbini. Nimeona watu wanakiweka kwenye uchaguzi wa 1831. Nikiandike hivyo?

---

Karani wa Zamu amejibu:

Hakuna kilichopotea. Mapengo hayo yamewekwa na sheria.

Muungano wa 1707 uliipa Uskoti viti 45 vya Bunge la London: 30 vya kaunti, 15 vya miji. Tatizo ni kwamba kaunti zilikuwa 33. Kwa hiyo kaunti 27 zilipata kiti kila moja, na sita ndogo zikafungwa jozi: Bute na Caithness, Clackmannan na Kinross, Nairn na Cromarty. Kila jozi ilikuwa na kiti kimoja, na walipokezana: Bunge hili huyu, Bunge lijalo yule. Ramani haikuhusika kabisa, maana Bute iko kusini-magharibi kwenye mlango wa mto Clyde, na Caithness iko kwenye ncha ya kaskazini ya bara la Uskoti.

Jambo la kushika ni kwamba zamu ilihesabiwa kwa Bunge, haikuhesabiwa kwa miaka. Chukua chaguzi kuu zote kuanzia 1708, ruka moja baada ya moja, utapata zamu za Bute: 1708, 1713, 1722, 1734, 1747, 1761, 1774, 1784, 1796, 1806, 1812, 1820 na 1830. Zilizobaki ni za Caithness. Ukikuta jedwali lina mbunge wa Bute aliyechaguliwa 1790 au 1807, jedwali hilo limekosewa. Mbunge akifa katikati, uchaguzi mdogo ulifanyika kaunti ileile yenye zamu. Kaunti mwenza haikuingia mpaka Bunge livunjwe.

Mitego miwili ya tarehe. Wa kwanza: usianze na 1707. Waskoti walioingia Bunge la kwanza la muungano walichaguliwa na Bunge la Uskoti lenyewe kutoka miongoni mwa wabunge wake, bila uchaguzi wa kaunti. Wa pili: muungano na Ireland wa 1801 haukuleta uchaguzi mpya huku. Aliyechaguliwa 1796 aliendelea hadi 1802, na ukihesabu 1801 kama zamu mpya mfululizo wote unapinduka.

Urefu wa zamu ulikuwa bahati nasibu. Sheria ya 1716 iliruhusu Bunge kukaa hadi miaka saba, hivyo Caithness iliyochagua 1715 ilikaa na kiti mpaka 1722, na Bute ikasubiri. Bute nayo ilipochagua mwishoni mwa 1806, Bunge likavunjwa 1807, zamu ikaisha bila hata kutimiza mwaka. Hali ikawa hiyohiyo 1830 hadi 1831.

Mwanasiasa mwenye kaunti ya zamu alilazimika kutafuta pa kujihifadhi kila Bunge la pili. Sir John Sinclair, yule aliyesimamia maelezo ya takwimu ya parokia zote za Uskoti, alichaguliwa Caithness 1780, 1790, 1802 na 1807. Linganisha na orodha yangu hapo juu. Mwaka 1784, zamu ilipokuwa ya Bute, aliingia bungeni kupitia Lostwithiel huko Cornwall. Kwa hiyo ukiandika wasifu wa mbunge yeyote wa kaunti hizi sita, usidhani alistaafu kwa sababu jina limetoweka. Mtafute kwingine.

---

Bi Masijala amejibu:

Nijibu la wapiga kura, kwa sababu hapo ndipo penye utamu wote.

Kwanza ondoa kichwani wazo la mkazi, mpangaji au hata mwenye nyumba. Kura ya kaunti ya Uskoti ilifuata ardhi iliyoshikiliwa moja kwa moja kutoka kwa Mfalme. Sheria ya 1681, iliyotumika hadi 1832, ilikubali njia mbili. Ama ardhi iwe na thamani ya shilingi 40 kwa makadirio ya kale, ya tangu enzi za kati, ama iwe imeandikwa pauni 400 za Kiskoti katika daftari la kodi ya ardhi la kaunti. Pauni 12 za Kiskoti zilikuwa sawa na pauni 1 ya Kiingereza, kwa hiyo 400 ni pauni 33, shilingi 6 na peni 8. Inasikika ndogo, lakini ni makadirio ya zamani ya kodi. Bei ya sokoni ya shamba hilo ilikuwa kitu kingine kabisa. Njia ya shilingi 40 ilikuwa ngumu kuithibitisha, hasa baada ya sheria ya 1743 kudai hati ya urithi ya kabla ya 16 Septemba 1681. Wengi wakapita njia ya pauni 400.

Sasa ujanja. Katika sheria ya ardhi ya Uskoti, shamba moja lilikuwa na tabaka mbili: ubwana wa juu, unaotoka kwa Mfalme, na umiliki wa matumizi, unaoleta kodi na mavuno. Kura ilikaa kwenye ubwana. Mwenye shamba kubwa angeweza kutenganisha tabaka hizo, akabaki na mashamba na mapato yote, huku ubwana mtupu akiukatakata na kuwagawia ndugu, mawakili na marafiki kwa muda wa maisha yao. Ardhi ya pauni 4,000 za Kiskoti, kwa hesabu tu, ilitoa kura kumi. Mpiga kura huyo angeweza kuishi Edinburgh maisha yake yote asiikanyage Arran hata siku moja.

Utaratibu wenyewe ulikwenda hivi: mwenye ardhi anapata hati mpya ya Mfalme, anahamisha ubwana wa kipande, anayepewa anakabidhiwa ardhi kisheria na hati ya makabidhiano inasajiliwa, kisha unapita mwaka mzima. Ndipo anaomba kuingizwa kwenye daftari la wapiga kura, ama katika kikao cha kila mwaka baada ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli ya mwishoni mwa Septemba, ama siku ya uchaguzi wenyewe. Kura nyingi zilianguka hapo. Ukigawa shamba ni lazima ugawe na makadirio yake ya kodi, na kipande kikitokea na pauni 398, mtu wako hana kura. Au hati imesajiliwa kwa kuchelewa wiki chache. Wapinzani walikuwa na mawakili wa kutafuta kasoro za namna hiyo tu, na mgogoro ulipelekwa Mahakama Kuu ya Edinburgh.

Kulikuwa na kiapo kwamba ardhi si ya jina tu. Waliapa bila kupepesa macho. Hali ilibanwa kidogo mwaka 1790, Nyumba ya Mabwana (baraza la juu la Bunge, iliyokuwa pia mahakama ya mwisho ya rufaa) ilipoamua kwamba mpiga kura anaweza kuhojiwa kwa undani kama kweli ardhi ni yake, lakini mtindo haukufa.

Kwa Bute ongeza hili: bwana mkubwa wa kisiwa, Earl na baadaye Marquess wa Bute, alikuwa mwenye cheo cha Nyumba ya Mabwana, kwa hiyo hakuruhusiwa kupiga kura. Duke wa Hamilton, mwenye sehemu kubwa ya Arran, vivyo hivyo. Tena mtoto wa kwanza wa bwana wa Uskoti hakuweza kukalia kiti cha Uskoti hadi 1832. Wadogo zake waliweza. Ndiyo maana orodha imejaa akina Stuart, yaani ukoo wa bwana wa Bute, ambao si warithi. Na ndiyo maana wapiga kura 21 walitosha: familia ilihitaji watu wachache wa kuaminika, basi. Kwa kulinganisha, Uskoti nzima ilikuwa na wapiga kura wapatao 4,500 kabla ya mageuzi ya uchaguzi ya 1832, na zaidi ya 60,000 baada yake.

---

Karani wa Zamu amejibu:

Kuhusu kisa cha mtu mmoja: usikiweke 1831. Hesabu zamu. Uchaguzi mkuu wa 1831 ulikuwa wa Caithness, Bute haikuchagua mtu. Mwaka 1831 ni mwaka kilipo*simuliwa* bungeni, katika mjadala wa muswada wa mageuzi ya Uskoti, na Francis Jeffrey, Mwanasheria Mkuu wa Uskoti wa wakati huo. Yeye alisema tu kwamba kilitokea katika kumbukumbu ya watu walio hai. Hakutaja jina wala mwaka. Hesabu ya wapiga kura 21, na kwamba mmoja tu kati yao ndiye aliyekuwa mkazi, imetoka kwenye mjadala huohuo.

Alivyosimulia: zaidi ya sherifu na msimamizi wa uchaguzi alihudhuria mtu mmoja. Akakalia kiti, akafungua kikao, akaita majina ya daftari, akaitikia lake, akajipigia kura ya uenyekiti. Kisha akajipendekeza, akajiunga mkono, akapitisha hoja, akatangazwa mbunge bila kupingwa.

Watu huchukulia ni mzaha, lakini kila hatua hapo ni ya kisheria. Kikao cha wapiga kura kilianza kwa kuita majina, kikachagua mwenyekiti na karani, kikapitia daftari, ndipo kikapiga kura ya mbunge. Hatua ya mwenyekiti ndiyo iliyoamua mengi, kwa sababu upande ulioshinda hapo ndio uliopata nafasi ya kuingiza majina ya watu wake na kufuta ya wapinzani kabla ya kura yenyewe. Penye watu 80 ilikuwa vita. Penye mtu mmoja, ni karatasi tu zinazotaka kujazwa.

Andika: "kisa kilichosimuliwa na Jeffrey bungeni mwaka 1831". Ukienda mbele ya hapo unabuni.

---

Mchorachora ameandika:

Asanteni sana, dada Masijala na Karani. Nimeona nilikosea hesabu kwa kuanzia 1707. Swali la mwisho: mji wa Rothesay nauona kwenye orodha ya miji ya Ayr, halafu unaibukia Buteshire. Na baada ya 1918 kaunti ilikwenda wapi?

---

Mzee wa Mipaka amejibu:

Rothesay hadi 1832 ilikuwa katika kundi la miji ya Ayr, pamoja na Ayr yenyewe, Irvine, Campbeltown na Inveraray. Sheria ya 1832 iliuondoa humo na kuuingiza katika jimbo la kaunti. Peebles na Selkirk zilifanyiwa hivyohivyo katika kaunti zao. Kwa hiyo "Buteshire" ya kabla ya 1832 haina kura za mji mkuu wake wenyewe, na ya baadaye inazo. Usilinganishe idadi za wapiga kura za vipindi hivyo bila kulitaja hilo.

Sheria hiyohiyo ilivunja jozi. Bute na Caithness zikapata kiti kila moja, Clackmannan ikaunganishwa na Kinross, Nairn ikaenda na Elgin, Cromarty ikaenda na Ross. Kaunti zikabaki na viti 30, miji ikapanda hadi 23.

Kuanzia hapo angalia nani anapewa Bute: ni wanasheria wa serikali ya Kihafidhina. Sir William Rae (1833 hadi 1842), David Mure (1859 hadi 1865), J. P. B. Robertson (1885 hadi 1891) na Andrew Graham Murray (1891 hadi 1905) wote waliwahi kuwa Mwanasheria Mkuu wa Uskoti. Ni kiti kidogo na salama, kinachomfaa mtu anayehitaji kuwa bungeni bila kuhangaika na kampeni. Robertson na Murray wote wawili waliondoka ili kuwa jaji mkuu wa Uskoti, na kila mara ukafanyika uchaguzi mdogo. Wa 1891 ulimwingiza huyo Murray. Wa 1905 uliwatoka Wahafidhina: Norman Lamont, Mliberali, akashinda. Baba yake, James Lamont, mvumbuzi wa bahari za Aktiki, alikuwa mbunge wa Bute 1865 hadi 1868. Tafadhali usimchanganye Norman huyu na waziri wa fedha wa miaka ya 1990 mwenye jina hilohilo. Huyu alifariki Trinidad, 1949.

Angalia pia 1880, maana mwaka huo una majina mawili: Thomas Russell alishinda uchaguzi mkuu, na kabla mwaka haujaisha Charles Dalrymple akarudi kwa uchaguzi mdogo. Ni Dalrymple huyohuyo aliyekwenda kupambana na Gladstone, kiongozi wa Waliberali, kule Midlothian 1885 na kupigwa vibaya.

Mbunge wa mwisho ni Harry Hope, 1910 hadi 1918. Mwaka 1918 kaunti iliunganishwa na kaskazini ya Ayrshire, jimbo likaitwa Bute and Northern Ayrshire. Wabunge wake ni wanne tu: Hunter-Weston, MacAndrew kuanzia 1935, Fitzroy Maclean kuanzia 1959, na John Corrie kuanzia 1974. Hapa kuna kosa linalojirudia: serikali za mitaa zilipopangwa upya Mei 1975, kaunti ya Bute ilivunjwa, kisiwa cha Bute kikaenda wilaya ya Argyll, Arran na Cumbrae zikaenda wilaya ya Cunninghame. Jimbo la Bunge halikuguswa mpaka 1983. Kwa miaka minane mipaka hiyo miwili haikulingana, na ramani nyingi za mtandaoni zinaigeuza yote 1975.

Tangu 1983 visiwa havijakaa tena jimbo moja. Bute iko na Argyll. Arran na Cumbrae zilikuwa Cunninghame North, na tangu 2005 ziko North Ayrshire and Arran. Kwa hiyo kwenye kisanduku cha "jimbo lililofuata" weka Bute and Northern Ayrshire peke yake, na mgawanyiko wa 1983 uuandike kwenye makala ya jimbo hilo.