Tupeane uzoefu: ni lini uliamua kutomwachia kulungu mshale?

Mleta mada

Ndugu wawindaji, naomba mada hii iwe ya wale wanaowinda kulungu kwa upinde, hasa kulungu wa mkia mweupe wa Amerika, ambaye wengi wetu humngoja tukiwa juu ya dungu mtini. Picha za mawindo tunazo tele, lakini ni nadra mtu kueleza alivyofikiri katika zile sekunde chache kabla ya mshale kuondoka, na nadra zaidi kueleza siku ambayo mnyama alikuwa mbele yake, upinde uko mkononi, naye akaamua kumwacha.

Nauliza hivyo kwa sababu mshale hauui kama risasi. Mshale hukata, na mnyama hufa kwa kuvuja damu na kwa mapafu kusinyaa. Kigumba chenye makali kikipenya mapafu yote mawili, kulungu huanguka baada ya sekunde chache tu, mara nyingi kabla hajamaliza mita mia moja. Kikipita penginepo, anaweza kutaabika usiku kucha. Eneo la moyo na mapafu tunalolilenga lina upana wa sentimita 20 hadi 25 hivi, tena hubadilika umbo kila mnyama anapogeuka.

Nianze na langu. Dume moja lilinijia moja kwa moja, kifua mbele, likasimama karibu kiasi kwamba niliona unyevu wa pua yake. Mnyama akikutazama hivyo, njia ya kuyafikia mapafu ni nyembamba mno, katikati ya mifupa ya mabega na juu ya kidari, na ukikosea kwa vidole viwili tu umepiga bega au shingo. Niliamua kungoja ageuke. Aliinua mguu wa mbele, akaugonga chini, akaugonga tena, kisha akageukia upande uliozibwa na vichaka, akaondoka zake. Sikuwa nimeuvuta upinde hata kidogo, na hadi leo sioni kwamba nilipoteza kitu.

Mchangiaji wa kwanza

Ahsante kwa mada, ndugu. Huko kugonga mguu ulikokutaja, ambako ni dalili ya wasiwasi, ndiko kunakonifanya nisipige, hata mnyama akiwa amenipa ubavu wote. Watu huhesabu umbali wakasahau masikio. Sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde, ilhali mshale wa upinde wa kisasa huenda kama mita 85 kwa sekunde. Kwa umbali wa mita 30, kulungu husikia mlio wa uzi karibu robo ya sekunde kabla mshale haujamfikia, na robo hiyo inamtosha kukunja miguu ili ajirushe, kwa hiyo mwili unashuka na mshale uliolengwa katikati ya kifua unapita juu ya mapafu au unagota kwenye uti wa mgongo. Mnyama mtulivu aliye mita 30 ni salama kumpiga kuliko mwenye wasiwasi aliye mita 20.

Kulikuwa na jike aliyekuja na watoto wake, akasimama ubavu kamili, mahali pazuri kabisa. Nilikuwa nimeshauvuta upinde. Sikio moja lilikuwa limeelekezwa kwangu, jingine nyuma, mkia umekakamaa. Niliurudisha uzi polepole bila kuachia, naye akanisikia na kukimbia. Wenzangu wakaniuliza kwa nini sikulenga chini kidogo ili kufidia. Kulenga theluthi ya chini ya kifua ni desturi yangu hata kwa mnyama aliyetulia, lakini kubahatisha atashuka kiasi gani ni kamari.

Mchangiaji wa pili

Mimi nitazungumzia dungu, kwa sababu wengi hudhani kwamba mnyama akipita chini kabisa ya mti ndiyo bahati yenyewe. Ukiwa juu na yeye yuko karibu na shina, unachokiona ni mgongo: uti, mabega, na pafu moja tu ambalo mshale unaweza kulipita bila kuligusa la pili. Kulungu aliyepigwa pafu moja huenda mbali sana, na wengine hawapatikani. Mimi huwaacha wapite mpaka wafike mita 15 au 20 kutoka kwenye shina, ambapo pembe hulegea na mshale unaweza kutokea chini upande wa pili. Wengine hawatoki tena upande wangu. Basi.

Pozi ninalolipenda kuliko yote ni la mshazari, mnyama akiwa ameelekea mbele na kunipa nyuma kidogo, kwa sababu ukilielekeza jicho kwenye mguu wa mbele wa upande wa pili, mshale hupita katikati ya viungo vyote vinavyotakiwa.

Mchangiaji wa tatu

Nakubaliana nawe, ila kwa mpaka. Mshazari ukizidi, mshale huingilia tumboni kabla ya kufika kifuani, na tumbo la kulungu limejaa majani yanayouzuia. Mimi nikiona paja limefunika mbavu za nyuma, huwa nashusha upinde.

Mchangiaji wa nne

Kwa heshima zote, naona mnawatisha wanaoanza. Nimempiga kulungu kifuani uso kwa uso, mita chache mbele yangu, kwa upinde wenye nguvu na mshale mzito, naye hakwenda mbali. Si kila pozi lisilo la ubavu ni uovu.

Mleta mada

Ndugu, sikatai kwamba linawezekana kwa mkono kama wako. Ninachouliza ni kinachotokea mkono ukitetemeka kidogo. Akiwa ubavu, ukikosea kwenda nyuma kidogo unafika kwenye ini, ambalo bado linaua ingawa kwa kuchelewa. Akiwa uso kwa uso, kosa dogo hilohilo linakuachia kulungu aliyejeruhiwa bega.

Mchangiaji wa tano

Naongeza jambo ambalo halijatajwa, nalo ni saa na hali ya hewa. Niliwahi kumsaidia mwenzangu kumfuatilia kulungu. Tuliuokota mshale ukiwa na utando wa kijani na harufu ya tumbo. Kama damu ingekuwa ya waridi yenye povu, tungejua ni mapafu na kwenda muda si mrefu. Kama ingekuwa nyekundu iliyokolea, tungelihesabu ini na kungoja kwa muda wa saa 4 hadi 6. Kwa tumbo tulijipa muda wa saa 12, tukarudi asubuhi, na tukamkuta amekufa mahali alipolala mara ya kwanza, si mbali na alipopigwa. Tungemfuata usiku uleule angeinuka na kwenda tusikokujua.

Tangu hapo, jua likiwa limezama na wingu la mvua liko juu, hata kulungu aliye ubavu wazi namwacha, kwa kuwa mvua ikifuta damu wakati bado nangoja, kungoja kwenyewe kunakosa maana. Jirani yangu wa mawindo huniona mwoga.

Mchangiaji wa kwanza

Swali kwa wote: mnyama anapotembea, mnamsimamisha kwa sauti?

Mchangiaji wa pili

Ndiyo, kwa mlio mfupi wa mdomo, nikiwa nimeshauvuta upinde na njia mbele yake haina vijiti. Lakini akisimama na kunitazama kwa shingo iliyonyooka, amekuwa yule mwenye wasiwasi uliyemweleza wewe, kwa hiyo nikiwa zaidi ya mita 20 simpigi. Na akipigwa akabaki amesimama, mshale wa pili unatoka mara moja, bila kusubiri kuona kama wa kwanza umetosha.