Skani ya mimba changa haikulingana na mahesabu yako? Tupeane uzoefu

Mama wa Umoja: Wamama hamjambo, naanza mimi. Nilihesabu toka siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho nikapata wiki 7 na siku 3, nikaenda nimejiandaa kuona moyo. Dada wa skani akapaka ile jeli baridi, akazungusha weee, akanyamaza. Akasema naona mfuko na kiduara kidogo ndani, mtoto bado, hii ni kama wiki 5. Nililia toka pale hadi steji. Kumbe hakuna aliyeniuliza mzunguko wangu ni wa siku ngapi! Wangu ni siku 40, na yale mahesabu yanachukulia ni 28 na yai limetoka siku ya 14, langu lilichelewa karibu wiki 2. Nikarudi baada ya siku 12, mtoto milimita 12, kama punje ya haragwe, moyo unametameta kwenye skrini. Sasa ana miezi 8, amelala hapa kando yangu.

Rongai: Hongera mama. Yangu haikuisha hivyo na naomba nayo isemwe. Skani ya kwanza milimita 4 bila moyo, daktari akakataa kutoa uamuzi, akasema turudie. Baada ya siku 10 milimita 8, moyo kimya. Akanieleza mtoto akifika milimita 7 na moyo haupigi, hapo si makosa ya tarehe tena. Zile siku 10 sikulala lakini nashukuru aliningojesha, sijiulizi kama tuliharakisha.

Githurai: Pole sana dadangu. Walikupima ya tumbo ama ya chini, ile ya kuingiza kifaa ukeni? Mimi wiki ya 6 ya tumbo hawakuona kitu, na nilikuwa nimekunywa maji lita nzima nikakwama nayo kwa jam ya Thika Road, ya chini wakaona siku hiyo hiyo.

Kayole: Shida yangu ilikuja mwisho. Skani ya wiki 9 ilinipa tarehe ya kujifungua, ya wiki 34 ikaisukuma mbele wiki 2, bwanangu akaanza kuhesabu alikuwa Mombasa lini. Nesi akafungua kitabu cha kliniki akakataa kufuta ile ya kwanza, akasema mwanzoni watoto wanakua karibu sawa, huku mwisho kuna wakubwa na wadogo, skani inaweza kukosea hata wiki 3. Akanirudisha waangalie kama mtoto anaongezeka. Nilijifungua siku 2 kabla ya tarehe ya kwanza, kilo 2.6.

Mama wa Umoja: Dada wa Rongai nimekuandikia inboksi. Wengine endeleeni, hasa wenye hedhi isiyo na mpangilio.