Tupeane uzoefu: Ni wapi ulipoona hekima ya dunia ikifika ukingoni?

Mwanzisha Mada, Mtwara Mjini
Ndugu zangu wa Kusini, Jumapili iliyopita tulisomewa sura ya kwanza ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, na tangu hapo najiuliza kama sisi tunaoshinda tukibishana juu ya bei ya korosho mnadani tunamwelewa Paulo anaposema kwamba neno la msalaba ni upuzi kwa wanaopotea. Korintho ulikuwa mji wa biashara wenye bandari mbili, watu wake waliwapenda wasemaji hodari, na Paulo aliishi nao mwaka mmoja na nusu huku akishona mahema, kwa hiyo aliyajua vizuri maisha ya sokoni. Naomba kila mmoja asimulie mahali alipoona akili za watu zikigota. Tafadhali tusihubiriane.

Mjukuu wa Nachingwea
Umenikumbusha marehemu babu yangu, aliyefanya kibarua katika Mpango wa Karanga, ule mradi wa kikoloni wa kulima karanga kwenye mashamba makubwa. Waingereza waliuanza mwaka 1947 wakiwa na wataalamu, ramani na matrekta, wakajenga bandari ya Mtwara na reli ya kuja hadi kwetu, na mwaka 1951 wakaufunga baada ya kupoteza takriban paundi milioni 36. Reli nayo iling'olewa baadaye. Babu alikuwa akisema kwamba wazungu wale walihesabu kila kitu isipokuwa mvua, na mvua ina mwenyewe.

Bwana Shamba Mstaafu
Ndugu Mjukuu, kwa heshima zote za babu, mfano huo hauhusiki na mada. Wale watu walifanya haraka, hawakuichunguza ardhi vya kutosha, wala hawakuwauliza wenyeji, ambao wangewaambia bure. Hapo iliyopungua ni hekima hiihii ya kibinadamu, na dawa yake ilikuwa kuiongeza. Kitabu cha Mithali kinampeleka mvivu akajifunze kwa chungu, na Yesu mwenyewe anauliza ni nani anayetaka kujenga mnara asiketi kwanza kuhesabu gharama. Mkorosho ukishikwa na ubwiriunga, omba ukitaka, lakini salfa upulize.

Mjukuu wa Nachingwea
Mzee wangu, nimesimulia kama tulivyoombwa. Sikujua kwamba kuna msahihishaji.

Mtulivu wa Mikindani
Mimi ni Mwislamu na napita tu. Kwetu tunafundishwa kumfunga ngamia kwanza, ndipo tumtegemee Mwenyezi Mungu. Ngamia hapa Mikindani hatuna, ila mitumbwi tunaifunga.

Kaka wa Tandahimba
Kaka yangu mkubwa alikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi ambacho sitakitaja. Wenzake walimshauri apunguze kilo kidogo kwa kila gunia, wakamwambia kwamba mkulima hatagundua na kwamba mtu mwenye watoto wa kusomesha hawezi kuishi kwa posho. Alikataa, na msimu uliofuata hakuitwa tena kazini. Baadaye wakaguzi walifika, wale waliomcheka wakapelekwa polisi, naye leo ana duka la pembejeo. Hapo ndipo nilipoiona hekima ya Mungu ikiishinda ya dunia.

Binti wa Ndanda
Naomba nikuulize bila ubaya, kaka. Wakaguzi wasingefika, na kaka yako asingepata duka, bado ungeiita hekima ya Mungu? Maana ukiisimulia hivyo, unatuambia tu kwamba uaminifu unalipa, jambo ambalo hata mfanyabiashara asiyesali analijua.

Kaka wa Tandahimba
Dada, sasa unataka ndugu yangu afe njaa ndipo ushuhuda ukamilike?

Dada wa Newala
Swali la Binti wa Ndanda limenigusa mahali ambapo huwa sipagusi, kwa hiyo mtanivumilia nikiandika kwa kirefu.

Mdogo wetu wa mwisho alikuwa kidato cha nne alipogongwa na pikipiki kwenye barabara ya kwenda Masasi, na hakufika hospitali akiwa hai. Dereva alikuwa kijana wa bodaboda wa kata yetu, naye alikuwa amelewa. Nyote mnajua kwamba kwetu neno la wajomba ndilo neno. Wajomba walikaa kikao, na mmoja wao, aliyewahi kufanya kazi mahakamani, akatuagiza tusipokee rambirambi kutoka kwa upande ule wala tusizungumze nao, kwa sababu wema wowote tutakaowaonyesha unaweza kutumiwa na mshtakiwa kuonyesha kwamba tumekwisha kupatana. Mwingine alitaka dai la fidia liandikwe mapema, kabla watu wa upande ule hawajajipanga. Niseme kweli kwamba ushauri ule ulikuwa wa watu wazima wenye akili, na hadi leo sioni kasoro ndani yake.

Baada ya matanga, mama aliamka alfajiri akachemsha ming'oko, akasonga ugali wa muhogo, akakaanga samaki, akavifunga kwenye hotipoti na kuniambia nimsindikize kituoni. Nilidhani anakwenda kumlaani yule kijana. Askari wa zamu alipomuuliza uhusiano wake na mahabusu, alijibu, "Mimi ni mama wa yule aliyekufa." Askari alimwita mwenzake, wakatazamana, kisha wakamwamuru aonje kila kitu mbele yao. Mama alionja ming'oko, akaonja ugali, wakamwelekeza achukue kipande cha samaki cha chini kabisa, akakichukua na kukila hadi kikaisha. Sikuwalaumu askari. Mtu yeyote mwenye akili angeona kwamba chakula kile kina sumu.

Kijana alipoletwa hakuinua uso. Alisema shikamoo, mama akaitikia marahaba, akasukuma hotipoti mbele yake. Hawakuzungumza kingine. Njiani nilimuuliza kwa nini ananifanyia hivi mimi na marehemu. Alinijibu kwamba tangu siku ya msiba, kila akisali Baba Yetu anakwama penye "kama sisi tunavyowasamehe", na kwamba alikuwa amechoka kukwama.

Binti wa Ndanda, kijana yule hakuwahi kuja kushukuru. Mjomba mmoja aliacha kuongea na mama hadi mjomba huyo alipofariki. Hatukupata duka wala ushuhuda wa kanisani.

Msafiri wa Lindi
Nimesoma nikiwa kwenye basi na abiria wa pembeni ananiuliza kama nimefiwa. Mama huyo apewe salamu zetu.

Mjomba Mkali
Mimi nitasema ambalo wengine mnaliogopa. Mafundisho haya ni ya hatari. Madereva walevi wakijua kwamba watapelekewa samaki, watatumaliza. Wajomba walikuwa sahihi.

Bwana Shamba Mstaafu
Kwa mara ya kwanza leo naelekea kukubaliana na Mjomba Mkali.

Karani Mchokozi
Ushauri wangu: anayetaka kusamehe afungue jalada polisi kwanza, apewe namba, ndipo asamehe.

Katekista wa Masasi
Ndugu, tusichanganye mambo. Dada hakusema kwamba kesi ilifutwa. Mnaoitetea hesabu ya wajomba, someni Injili ya Yohana sura ya 11. Baraza linaogopa kwamba Warumi watakuja kuwaondolea mahali pao na taifa lao, na Kayafa, kuhani mkuu, anatoa ushauri wa kiongozi mzoefu: ni afadhali afe mtu mmoja kuliko kuangamia taifa zima. Kwa siasa za dunia, hakukosea hata nukta. Yohana anasema kwamba maneno yaleyale yalikuwa unabii, ila msemaji hakujua anatabiri nini. Mtu mmoja akafa, na Warumi wakaja vilevile, wakalibomoa hekalu mwaka 70. Ndiyo maana Paulo anaandika kwamba watawala wa dunia hii wangaliijua hekima ya Mungu wasingalimsulubisha Bwana. Hawakukosa elimu wala uzoefu. Kilichowapita ni kwamba Mungu angeweza kukaa upande wa aliyetundikwa, na hilo hakuna kikao kingelifikia kwa kupiga hesabu. Salfa inabaki kuwa salfa, Bwana Shamba, na Musa mwenyewe alisoma hekima yote ya Wamisri.

Bwana Shamba Mstaafu
Kuhusu Kayafa sina la kujibu. Kuhusu Mpango wa Karanga bado nina kurasa mbili.

Mjomba Mkali
Dada wa Newala, basi tuambie, kesi iliishaje? Mama alimtetea?

Dada wa Newala
Hapana, mjomba. Kesi iliendelea hadi hukumu, kijana akafungwa, na mama hakuomba apunguziwe hata siku moja. Alipotoka alihamia Dar es Salaam. Kuhusu samaki uliowataja, mama aliendelea kuwapeleka hadi kijana alipohamishiwa gerezani, na askari hawakuacha kumwonjesha.

Mwanzisha Mada, Mtwara Mjini
Mada bado iko wazi, hasa kwa wa Liwale na Kilwa, ambao hatujawasikia. Wenye neno juu ya Mpango wa Karanga wafungue mada yao, na Bwana Shamba aanze na kurasa zake mbili.